Mjomba na Maji ya Rhossili

Jana binti yangu alikuwa akipekua albamu, akaniuliza kwa nini Babu, yaani mjomba wangu, katika ile picha ya Wales, ametazama pembeni ilhali mimi nimeielekea kamera. Nilimjibu kwamba Babu alikuwa akiyaangalia maji, naye akaridhika na kufungua ukurasa mwingine, lakini mimi nilibaki na ile picha mkononi kwa muda mrefu.

Tulikuwa tumetembea tangu asubuhi kutoka Port Eynon, kando ya magenge ya mawe ya chokaa, kwenye njia ya pwani ya rasi ya Gower. Rasi hiyo ilitangazwa mwaka 1956 kuwa eneo la kwanza Uingereza kupewa hadhi ya kisheria ya "Eneo la Uzuri wa Kipekee wa Asili", na hadi leo mashamba yanafika karibu kabisa na ukingo wa magenge, kondoo wakilisha juu huku mawimbi yakivunjika chini. Ilikuwa safari njema, isiyo na kisa hadi Rhossili, ambapo nchi inakwisha na kinabaki kile kisiwa chembamba kirefu, Worm's Head, kilicholala baharini mfano wa joka.

Kisiwa hicho hufikiwa kwa miguu maji yakishakupwa tu, kwa muda wa takriban saa mbili na nusu kabla na baada ya maji kupwa kabisa. Katika kibanda cha walinzi wa pwani tulisoma saa za siku hiyo zilizoandikwa ubaoni, tukashuka. Njia yenyewe si njia. Ni uwanja wa majabali yenye ncha, yaliyovikwa mwani na kome weusi waliobanana, na katikati yake vidimbwi vya maji maangavu. Mjomba, aliyekula umri wake wote katika uvuvi, alivuka bila kuinama, akikanyaga mwamba mkavu baada ya mwamba mkavu kana kwamba alikuwa amepapitia kabla.

Tulikwea sehemu ya kwanza ya kisiwa, na hapo ndipo mpita njia alipotupiga ile picha. Mbele yetu kulikuwa na daraja la mwamba lililochongwa na bahari yenyewe, na ng'ambo yake kilele cha mwisho, ambacho nilikuwa nimekitamani siku nzima. Kwa hesabu ya ubaoni tulikuwa bado na saa nzima.

"Mwanangu, turudi," Mjomba akasema.

"Bado tuna muda, Mjomba. Ubao unasema saa nzima."

Hakubishana. Alininyooshea kidole kwenye kidimbwi kimoja chini yetu, upande wa kusini. Nilikitazama nisione kitu, hadi nilipogundua kwamba povu dogo lililokuwa limetulia juu yake lilikuwa likisogea polepole, likapita katikati ya mawe mawili na kuingia kidimbwi cha pili. Baada ya kitambo likatoka huko pia. Hapakuwa na wimbi wala sauti, na bahari kwa mbali ilionekana palepale ilipokuwa tulipovuka.

Mlango-bahari wa Bristol una tofauti ya maji kujaa na kupwa iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na pale Worm's Head maji huingia kutoka pande mbili, yakakutana katikati ya njia. Mshairi Dylan Thomas, mzaliwa wa Swansea, aliwahi kunaswa huko. Hayo nilikuwa nimeyasoma kabla ya kwenda, lakini kuyasoma hakukuniwezesha kuliona lile povu.

Tulirudi tukiwa wakavu, na njia ilibaki wazi nyuma yetu kwa muda mrefu. Niliitazama kutoka juu ya genge, na nakiri kwamba moyo uliniuma. Pengine tungefika kileleni na kurudi salama. Nilimuuliza Mjomba jioni ile, na mara nyingine miaka iliyofuata, kama kweli hatukuwa na muda. Kila mara alinijibu kwamba ubao unajua saa, lakini haukuwa umeuona upepo wa siku ile, kisha akabadilisha mazungumzo.