Siku moja na mitego ya sungura, Chemba

Saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Julai huku Chemba, mkoani Dodoma, inauma, na upepo ulivuma usiku kucha. Sweta, koti la mtumba, buti, panga, chupa ya maji, simu. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, tunazunguka pembezoni mwa Pori la Akiba Swagaswaga. Nikitaja kazi yangu, watu huuliza habari za tembo. Kiangazi, ukweli ni kwamba anayenichosha zaidi ni sungura.

Saa kumi na mbili na nusu. Mimi na mwenzangu tunashuka Mto Bubu. Juu umekauka, kina mama wanachota maji kwenye visima walivyochimba mchangani. Mchanga lazima usomwe mapema, jua likipanda upepo unafuta kila kitu. Nyayo hizi hapa: mbili ndogo zimefuatana, kisha mbili kubwa zimekaa sambamba. Mgeni hudhani kubwa ni za miguu ya mbele. Sivyo. Sungura akiruka, miguu ya nyuma hutua mbele ya ile ya mbele, kwa hiyo kubwa ndizo zinazoonyesha alikoelekea. Huyu alitoka mashambani ameshiba, anarudi kichakani kulala.

Saa moja na kitu. Sungura wetu wa porini hachimbi shimo la kuishi, hulala juu ya ardhi kwenye malalo yake. Siku ya upepo hujibana chini ya kichaka, upande usiopigwa. Kelele za matawi zinamnyima kumsikia mbweha, basi hathubutu kukimbia hovyo. Hutulia mpaka umkaribie kabisa. Mmoja katimka hatua mbili kutoka kwenye buti langu, moyo ukanipasuka. Nikaweka kiganja pale alipolala: bado pana joto. Ni kijishimo kifupi tu, nyuma kimezama kidogo, udongo umelainishwa na tumbo. Pembeni vinyesi vya mviringo, vikavu, rangi ya majani makavu, nyuzinyuzi zinaonekana. Asubuhi ya baridi isiyo na upepo ningemtafuta upande wa jua.

Saa tatu. Mtego wa kwanza. Waya wa breki ya baiskeli, kitanzi kimeinuliwa kiasi cha ngumi kutoka chini, kwenye upenyo wa ua wa miiba wa shamba la mtama. Aliyetega anajua kazi. Mavuno yamekwisha, mabua yamebaki na kunde za kuokoteza, na nyasi za pembeni zimechomwa. Sungura hana pa kujificha, na chakula kiko ng'ambo ya uwanja mtupu. Wakati huohuo kijana hana palizi wala mavuno ya kumshughulisha. Mvua yetu ya mwaka haizidi sana milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kipindi cha kukaa bure ni kirefu.

Vijiweni wanasema kiangazi sungura huongezeka. Mimi sikubali. Huzaa zaidi masika, majani mabichi yakiwepo: mimba ya takribani siku 42, watoto wanatoka na manyoya yao, macho wazi. Ila nyasi ndefu huwaficha. Nyasi zikiisha ndipo kila mtu anawaona, na nyaya zinatoka nyumbani.

Kitanzi nacho hakichagui. Hunasa digidigi, kanga, hata mguu wa mbuzi wa jirani.

Saa sita. Tunapumzika chini ya mkwaju kwa mzee mmoja Msandawe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Nyaya ngapi leo?"

"Nne, babu."

Akacheka. Anasema zamani wao walimngoja asubuhi baada ya mvua: majani yamelowa, sungura hapendi umande, anakuja mwenyewe kukaa njiani. Tukarudia wimbo wetu, kwamba kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hata sungura anahitaji leseni, na kutega vitanzi au kuwinda usiku ni kosa. "Anakula kunde zangu hapa," akasema, "nami nimfuatie kibali mjini?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nikamsaidia kuziba matundu ya ua kwa miiba.

Saa tisa. Taarifa kwa simu, ugali na mlenda, usingizi.

Saa mbili usiku. Hii ndiyo zamu inayofuata mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, sungura haendi mbali na kichaka kwa sababu bundi naye anaona, na tochi haimzubaishi sana. Giza likiwa nene hutoka uwanjani, akimulikwa anaganda. Wawindaji wenye pikipiki wanalijua hilo kama sisi, kwa hiyo usiku wa giza hatulali.

Mwezi mchanga umeshazama. Tumekaa kando ya njia ya mashambani, upepo unatusukuma. Pikipiki ikaja, vijana wawili, tochi kubwa na mifuko mitupu.

"Mmepata nini?"

"Hamna kitu, kaka. Upepo huu hawatoki."

Tukaandika majina yao, tukawarudisha nyumbani. Mwenzangu anasema kesho upepo utatulia, kwa hiyo zamu tumeihamishia njia ya juu, maana hii ya chini wameshajua tunakaa.