Mnara wa Taa Kaskazini mwa Kayenze

Juni mwaka 2020 nilikwenda Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, kutafuta mtu wa kunivusha hadi kwenye mnara wa taa uliosimama juu ya kisiwa cha mawe matupu, upande wa kwenda Ukerewe. Tangu utotoni nilikuwa nikiuona kila tulipopanda meli ya Nansio, lakini sikumbuki kuuona ukiwaka hata usiku mmoja. Nilitaka kuupiga picha ungali umesimama, kwa sababu vitu vya namna hii hubomoka bila taarifa, na kizazi kinachofuata hakiamini kwamba viliwahi kuwepo.

Mzee mmoja mvuvi wa dagaa alikubali kunipeleka, ila kwa masharti. "Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "tutaondoka alfajiri, na upepo wa kusi ukianza, nikisema turudi, tunarudi. Pale hapana pa kufunga mtumbwi." Niliyaelewa maneno yake tulipofika. Mwezi mmoja kabla, kina cha ziwa kilikuwa kimepanda hadi kuipita rekodi ya Mei 1964, na ngazi za zege walizokuwa wakishukia watunzaji wa taa zilikuwa zimefunikwa kabisa na maji. Mzee aliukaribisha mtumbwi kwa kasia, injini ikiwa imezimwa, akanishikia kamera hadi nilipopata pa kushika, kisha akarudi nyuma haraka ili ubavu usigonge mwamba.

Jiwe lote lilikuwa jeupe kwa kinyesi cha mnandi, nalo liliteleza kiasi kwamba sehemu kubwa ya njia niliipanda kwa magoti. Mnara wenyewe haukuwa mrefu. Mlango wa chuma ulikuwa umekwisha kung'olewa, bila shaka ukauzwa kama chuma chakavu, na kutu ilikuwa imekula ngazi ya ndani hadi baadhi ya vipago vikabaki vyembamba kama njiti. Nilipanda kwa kukanyaga pembeni, karibu na ukuta, mahali ambapo chuma kilikuwa bado kina nguvu.

Juu nilikuta kile nilichokitamani. Kioo kinene cha taa kilikuwa kimepasuka upande mmoja, lakini duara zake zilizochongwa ili kukusanya mwanga na kuutupa mbali zilikuwa bado zinaonekana, na chini yake palikuwa na mabaki ya bomba jembamba la gesi. Taa za asetilini za aina hiyo hazikuhitaji mtu wa kuziwasha kila jioni. Mswidi Gustaf Dalén alibuni vali yenye fimbo nyeusi ambayo mchana hufyonza mwanga wa jua, ikatanuka na kufunga gesi. Giza likiingia hunywea, gesi ikapita, na taa ikawaka yenyewe. Kwa kazi yake hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka uleule alioupoteza uwezo wa kuona katika mlipuko wa gesi hiyohiyo. Nilisimama pale nikitafakari kwamba ubunifu mkubwa kiasi hicho uliwahi kuwalinda wasafiri wa ziwa letu, nasi tukauacha uoze.

Uchungu wangu ulikuwa juu ya hilo kuliko juu ya jengo. Meli za ziwa hili zilikuwa chini ya shirika moja la reli la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha nchi zikagawana. Meli ni mali inayoonekana, kila mmoja huidai; taa iliyo juu ya jiwe lisilokaliwa na mtu ni rahisi kusahauliwa. Wanaoulipia usahaulifu huo ni wavuvi wanaorudi usiku bila mwezi, wakikisia mawe yalipo.

Nilipiga picha za kioo, za bomba na za ngazi hadi mzee alipopiga kelele kutoka chini. Kusi lilikuwa limeanza, na mawimbi yalikuwa tayari yanavunjikia pale niliposhukia. Picha ya mnara mzima, ukitazamwa kutoka upande wa ziwa, ilibidi niipige mtumbwini, huku nikijikaza kwa goti dhidi ya ubao na maji yakirukia lenzi. Hakuna hata moja iliyotoka sawasawa: katika nyingine mnara umeinama, katika nyingine nusu yake imefunikwa na wimbi.

Nilizisafisha zile zilizofaa, nikampelekea mzee Kayenze achague moja ya kubaki nayo. Mwanae alimshauri achukue ya mnara, hata kama haikutulia. Mzee alichukua ya kioo. "Mnara nauona kila siku," alisema. "Humo ndani miaka yote hii sijawahi kufika."