Mwanangu kachora bendera ya mwezi mmoja

Juzi binti yangu, yuko darasa la tano, karudi skuli kanuna mdomo huu hapa, daftari kalibwaga pembeni ya jamvi la karafuu wala hakusalimia mtu. Kumuuliza ndo ananionesha. Kazi ya nyumbani ilikuwa kuchora bendera ya Zanzibar na kuandika maana ya rangi, na mwalimu kapiga kosa jekundu toka kona hadi kona. Mie natizama, mbona kapatia? Buluu juu, nyeusi kati, kijani chini, na ile bendera ndogo ya Muungano pale kwenye kona kaiweka vizuri tu. Kumbe pale kwenye nyeusi kachora karafuu mbili. Za manjano, na makonyo yake.

We karafuu umeziona wapi kwenye bendera?

"Kwani baba, Zanzibar si karafuu?"

Nikakosa jibu. Sie tuko Wete, Pemba, msimu huu nyumba nzima inanuka karafuu, nguo, mito, mpaka chai, sasa mtoto atachora nini, meli ya watalii?

Mzee wangu alikuwa kajilaza barazani, akaliomba daftari, akavaa miwani, akatizamaaa, halafu akacheka mpaka akapaliwa. "Huyu kachora bendera ya mwezi mmoja huyu!"

Kwa rika langu ambao hili lilitupita, mambo yenyewe ni hivi. Tarehe 10 Disemba 1963 Muingereza kaondoka, Zanzibar ikapata uhuru chini ya Sultan Jamshid, na ile bendera nyekundu ya zamani ya masultani ikatiwa duara la kijani katikati na ndani yake karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi. Hesabu mwenyewe, siku 33 na karafuu ikashuka mlingotini.

Mzee hapo alikuwa mtoto wa skuli, wa umri wa huyu mjukuu wake, na ukimpa nafasi anazihesabu kwa vidole. Nyekundu tupu. Nyekundu ya karafuu. Baada ya Mapinduzi nyeusi, manjano na buluu, hii haikumaliza hata Januari. Mwisho wa mwezi huohuo ikaja buluu, nyeusi na kijani. Aprili 26 tukaungana na Tanganyika, na Juni 30 ikapitishwa hii ya Muungano. Yaani bendera tano kwa muda wa miezi saba haijatimia! Ile ya tatu anaapa hajaiona kwa macho yake mpaka leo. Anasema huku Pemba walisikia tu kuwa Unguja kuna bendera mpya, wakawa wanaisubiri, kuja kufika bendera ikawa nyengine.

Mie hapo ndo nikaanza kuwaza, kwa sababu skuli tulikaririshwa buluu ni bahari, nyeusi ni watu, kijani ni ardhi, kama vile kuna watu walikaa chini wakaitizama bahari wakachagua rangi. Wapi bwana. Zile zilikuwa rangi za chama, Afro-Shirazi, na chama kilipochukua nchi rangi zikapanda mlingotini. Tanganyika nao hivohivo, kijani na nyeusi yao ilitoka kwa chama chao, TANU. Kwa hiyo bendera ya Muungano ukiitizama vizuri ni kama kanga mbili zilizokatwa kwa mshazari zikashonwa pamoja, kijani chao, buluu yetu, nyeusi ya wote na mikanda ya manjano kila upande wa mshono. Hata jina lenyewe Tanzania halikuwepo bado, lilikuja Oktoba 1964, bendera ilipitishwa kabla nchi haijapata jina la kuitika!

Nikamwambia mzee, lakini karafuu waliionea, ile ilikuwa alama ya kweli ya nchi. Akanitizama hivi. "Karafuu ya nani?"

Nikanyamaza maana najua anakoelekea. Mkarafuu si mti wa kwetu, asili yake Maluku kule Indonesia, umeletwa huku karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa, na mashamba makubwa yalilimwa na watumwa. Kimbunga cha 1872 kikaing'oa mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba ikasalimika, ndo maana mpaka kesho karafuu nyingi zinatoka huku kwetu. Sasa aliyekuwa na shamba akiiona karafuu kwenye bendera anaona utajiri wa nchi, na aliyekuwa akizichuma kwa ujira wa pishi anaona shamba la mtu. Baada ya Mapinduzi ardhi ikagawiwa eka tatu tatu, na mzee anasema mkarafuu wa kwanza kuuita wangu ulikuwa kwenye eka hizo. Mie sisemi bendera ipi ilikuwa ya haki na ipi si ya haki, kuna nyumba humu visiwani ukiuliza hivo chakula kinapoa bila kuliwa.

Halafu wala haikupotea kabisa. Itizame nembo ya taifa, yule mwanamme na mwanamke waliosimama, chini ya miguu ya mwanamke kuna pamba na ya mwanamme kuna karafuu. Ipo kwenye mihuri ya serikali na hatuioni, mie mwenyewe nimeiona juzi na nina miaka 41.

Hii bendera aliyoichora mtoto imeanza Januari 2005, zaidi ya miaka 40 Zanzibar haikuwa na bendera yake. Mie ilipotoka nilikuwa kijana na nakwambia kweli haikunishtua, nilisema haya, kitambaa chengine hicho. Iliyonibadilisha ni mpira. Mwaka 2017 mwezi Machi CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupa uanachama, Julai wakatunyang'anya, tukabaki na CECAFA yetu ya Afrika Mashariki na Kati, na mwaka huohuo timu yetu Zanzibar Heroes wakafika fainali ya kombe lake wakatolewa na Kenya kwa penalti. Siku ile niliona mtu mzima kajitanda bendera kama shuka ya homa analia. Halafu Januari 2025 hapa Pemba uwanja wa Gombani tukalibeba Kombe la Mapinduzi mbele ya Burkina Faso, binti yangu nimembeba mabegani, bendera mkononi nimemnunulia mwenyewe na bei niliongezewa kwa sababu walikuwa wanaona ninavyobabaika. Hakuna aliyetuamuru kuipeperusha.

Basi bwana, jana karudia kazi yake, buluu nyeusi kijani na hakuna karafuu, kapata alama zote. Ile karatasi yenye kosa jekundu mzee kaiomba, kaibandika mlangoni kwenye kiduka chake, na kila mteja anamuuliza hii bendera ya wapi. Mpaka sasa kapatia mmoja tu, mzee mwenzake muuza dagaa, tena naye hakusema kitu, alicheka tu akaomba kiti.