Sijui moja iliyopungua

Agosti ya 2019 nilikuwa karani wa sensa hapa Kisumu. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja kabla, kazi sina, na zile siku chache za kubeba tableti na kuvaa jaketi ya riflekta ndizo zilizonipa mshahara wangu wa kwanza. Nilipewa kipande cha Manyatta: ploti zenye milango inayotazamana, na hapa na pale nyumba ya mtu aliyejenga zamani, yenye geti na mwembe.

Jumatatu jioni, mzee wa mtaa aliyekuwa akinitembeza alibisha kwenye geti moja la aina hiyo, akaninong'oneza, "Huyu alikuwa Relwe, shirika la reli. Ukimpa nafasi ya kuongea, tutalala hapa."

Stima ilikuwa imepotea. Tuliwakuta nje, mzee na mkewe, kwenye viti vya plastiki. Mama alikuwa na ungo mapajani, anachambua omena kwa mwanga wa taa ndogo ya sola, anatoa mchanga na vijiti. Mikono yake haikusimama hata tulipoamkuana.

Maswali yalikwenda haraka. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili walilala hapo watu watano: wao wawili, binti yao na wajukuu wawili. Mzee ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote. Yeye ni Mluhya wa Maragoli, mama ni Mjaluo wa Seme, ndiyo maana nyumba nzima ilizungumza Kiswahili. Tukafika kwenye dini.

"Mama ni Katoliki. Hawa wajukuu, Katoliki. Binti yuko kwenye haya makanisa ya spika kubwa."

"Na wewe, mzee?"

"Sijui."

Nikadhani hajanisikia, nikarudia swali. Akarudia jibu.

Jibu la "sijui" lilikuwamo kwenye orodha, huko chini. Nilivyolielewa mimi, liliwekwa kwa ajili ya anayemjibia mwingine, tuseme mpangaji asiyejua mwenzake wa chumba anaabudu wapi. Kwamba mtu angeweza kulitumia juu yake mwenyewe, hilo halikuwahi kunipitia akilini.

"Jana ulienda kanisani, mzee?"

"Nilienda na mama."

"Basi wewe ni Katoliki."

"Umeniuliza dini ama umeniuliza nilikaa wapi Jumapili?" Akacheka kidogo. "Nililelewa Frenzi, kanisa la Waquaker, kule nyumbani. Nikaoa huyu, nikamfuata misa. Sasa wewe na serikali yako mnataka niseme ninachokiamini. Mwenye kuamini ni lazima awe na uhakika, na mimi uhakika sina."

Ningebonyeza na kuendelea. Lakini mimi ni mtoto wa mhubiri. Nimekulia kwenye kanisa ambamo shaka ilikemewa kwa jina, pamoja na homa na uchawi. Kwangu Mungu alikuwepo kama ziwa lilivyo pale chini ya mji. Hakuna anayeamka asubuhi akauliza kama lipo. Nikaiweka tableti kwenye goti.

"Mzee," nikamwambia, "si ulikuwa Relwe? Ulikuwa unafanya nini?"

"Melini. Chumba cha injini. Ile Uhuru, iliyokuwa ikivusha mabehewa mpaka Mwanza na Port Bell."

"Basi usiku umeona taa za omena."

"Nyingi. Unaweza kudhani ni mji."

"Ukiona taa, si unajua mvuvi yupo? Humwoni, lakini taa inakuambia."

Niliona nimeshinda. Hoja hiyo nilikuwa nimeisikia kwa baba mara nyingi, ila yeye alitumia saa na fundi wa saa. Mzee akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyemletea zawadi isiyo saizi yake.

"Wewe hujawahi kulala ziwani. Zile taa wanaziwasha, wanaziweka juu ya vielea, halafu wanaziacha. Mtumbwi unasogea pembeni kungoja omena wajae. Nyingine hazina mtu karibu. Nyingine mtumbwi uko papo hapo, unavuta wavu. Kutoka melini zinafanana zote. Tulikuwa tunapiga honi. Mara mtu anajibu, mara kimya. Na ukisikia kimya hujui kama hakuna mtu ama amelala."

Mzee wa mtaa akapiga miayo.

Hapo mama, ambaye hakuwa ameinua macho tangu tuingie, akasema, "Lakini kuna mtu aliyeiwasha."

Mzee akanyamaza, na si ile kimya ya kutafuta jibu la kumkata mkewe. Akajikuna shingo. "Hapo ndipo ninapokwama," akasema. "Miaka mingi nakwama hapo hapo. Aliiwasha. Ila yuko wapi sasa, na kama bado anaiangalia ile taa... Andika sijui."

"Andika Katoliki," mama akaniambia. Mikono yake sasa ilikuwa imetulia kwenye ungo. "Msichana wangu, mimi ndiye nitakayebaki na maiti. Padri akiuliza huyu alikuwa wa wapi, nimwambie nini?"

"Serikali imeniuliza mimi," mzee akasema. "Haijauliza jeneza langu."

Nikaichukua tableti. Mwanga wake ulikuwa umenielekea mimi peke yangu. Sijui kama nilimhurumia mama au niliogopa, maana yale maneno ya vielea yalikuwa yameshaanza kunifanyia kazi tumboni. Nikabonyeza Katoliki.

"Umeandika?" mzee akauliza.

"Nimeandika."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyesikilizwa hatimaye. Tukaendelea na choo, maji na mabati.

Yangu mimi ilijazwa nyumbani na baba, nikiwa kazini. Hakuna aliyeniuliza.

Matokeo ya dini yalipotoka niliyatafuta kwenye simu, ndani ya matatu, pale steji ya Kondele. Kati ya Wakenya milioni 47 na zaidi, 755,750 waliandikwa hawana dini. Mstari wa waliosema hawajui ulikuwa na watu 73,253. Makanga alinidai nauli mara mbili nikiwa bado naitazama ile tatu ya mwisho, ambayo ilipaswa kuwa nne.