Kuitwa "love" Leeds

Wiki yangu ya kwanza Leeds, Uingereza, nilikwenda soko la Kirkgate kutafuta samaki. Muuzaji, baba wa makamo, aproni imelowa chapachapa, akanifungia vibua viwili kwenye karatasi, akasema: "There you go, love." Nilishtuka, jamani. Mtu hanijui, ananiitaje mpenzi? Nikalipa na kugeuka haraka. Kabla sijafika mbali nikamsikia akimwita vilevile mteja wa nyuma yangu, babu mwenye mkongojo!

Kumbe Yorkshire, eneo ulipo mji wa Leeds, ndivyo ilivyo. Dereva wa basi, muuza mikate, nesi, wote "love". Ni kama sisi tunavyomwita mtu tusiyemjua dada, kaka au mama. Huko Nottingham wanaitana "duck", yaani bata, na ni kwa wema kabisa.

Kwetu kupenda ni kumoja: napenda chai, nampenda mama yangu. Wao wana "like" na "love", nikadhani hili la pili wameliwekea akiba mambo mazito. Wapi! Chai wanai-"love". Kadi ya rafiki inaishia "love". Hata kwenye tenisi, sifuri ni "love".

Jana jioni, baridi imekaza, nimetoka kazini nakimbilia basi la mwisho. Dereva akaniona kwenye kioo, akangoja, akafungua tena mlango. "You're all right, love." Nikakaa kiti cha mbele, machozi yananilengalenga. Miezi minne sasa hakuna aliyeniita dada.