Mkesha wa Pasaka tulipoitambua Biafra

Tarehe 13 Aprili 1968, Jumamosi, mkesha wa Pasaka, mi nina miaka 10 hivi nimekaa kwenye mkeka nyumbani kwetu Morogoro, mama anatunyooshea nguo za kanisani kwa pasi ya mkaa, na baba kainamia redio sikio karibu liguse spika manake betri zilishachoka. Redio Tanzania wakasoma taarifa ya serikali, Tanzania imeitambua Biafra, ile sehemu ya mashariki mwa Naijeria, kwao Waibo, iliyojitenga na kujitangazia uhuru mwaka 1967 na vita ikaanza. Hakuna nchi nyingine duniani ilikuwa imefanya hivyo, sisi ndo wa kwanza, na uhuru wenyewe haujafikisha hata miaka 7.

Baba mdogo akapiga makofi. Baba akamgeukia, "Unashangilia nini? Juzi tu hapa, 64, wanajeshi wetu wameasi mpaka tukawaita Waingereza waje kutuokoa, leo tunajiingiza kwenye vita ya Wanaijeria?" Na kilichomuuma zaidi, yeye mwalimu, alishatufundisha darasani kwamba mwaka huohuo wa 64, kwenye mkutano wa nchi huru za Afrika kule Cairo, Mwalimu Nyerere mwenyewe ndo alipendekeza mipaka tuliyoachiwa na wakoloni isiguswe. "Wanafunzi nitawaambia nini sasa?"

"Kaka, Waingereza wanaiuzia serikali ya Naijeria kule Lagos silaha, Warusi nao wanauza, sa hapo nani hajajiingiza?"

Mama alikuwa kimya muda wote, halafu akasema taratibu, "Baba Yohana, wale Waibo waliouawa kwa maelfu kule kaskazini mwa Naijeria mwaka 66, ndugu zao waliokimbia na watoto mgongoni, ukiwaambia warudi nchi ni moja watakuelewa?" Baba hakujibu. Tukasikia harufu ya kuungua, pasi imesahaulika kwenye kola ya shati langu.

Mi mpaka leo niko na mama, umoja wa kushikiwa bunduki siuoni kama ni umoja, lakini hofu ya baba haikuwa ya bure, Naijeria walivunja uhusiano na sisi, Afrika nzima wakatufuata Gabon, Ivory Coast na Zambia tu, na Januari 1970 Biafra ikasalimu amri, watu wameshakufa kwa njaa wengi mno.

Usiku ule baba alizima redio akasema hamalizi betri kwa mambo ya watu. Asubuhi natoka kwenda kanisani na shati langu lenye alama ya pasi shingoni, nikazikuta betri zote 4 zimeanikwa juu ya bati la banda la kuku, jua lenyewe ndo kwanza linachomoza.