Mtu Ndani ya Tenga la Kuku

Jumamosi moja asubuhi, karibu na soko la kuku la Shekilango jijini Dar es Salaam, kijana mmoja wa kikundi chetu cha kutetea wanyama alivua viatu, akakunja magoti mpaka yakagusa kidevu, akaingia ndani ya tenga. Lilikuwa tenga la kawaida la kusafirishia kuku, la fito zilizokazwa kwa kamba, ila tulikuwa tumemwomba fundi aliongeze upana kidogo ili mtu mwembamba aenee. Kifuani alining'iniza kipande cha boksi kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, kana kwamba ni kuku anayesema: "Nimetoka Singida." Hatukuandika kitu kingine chochote.

Watu walijaa ndani ya dakika chache. Wapo waliodhani ni mganga, wapo waliodhani ni tangazo la kampuni ya simu, na mama mmoja muuza chapati akauliza kwa sauti kubwa huyo ni mtoto wa nani na kwao wanajua. Mimi nilikuwa nimesimama kando na karatasi za kugawa, nimevimba kichwa kwa kuwa wazo la tenga lilikuwa langu, ndipo dereva mmoja wa bodaboda alipopunguza mwendo na kusimama mbele yangu. Nyuma ya pikipiki yake walikuwa wakining'inia kuku wapatao ishirini, wamefungwa miguu kwa mafungu, vichwa chini, baadhi midomo wazi kwa joto, na wale wa upande wa kulia wakiwa karibu kabisa na bomba la moshi. Alimtazama kijana wetu ndani ya tenga, akacheka kidogo, kisha akaniuliza bila hasira yoyote: "Sasa dada, mimi unataka nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Karatasi nilizoshika zilieleza mambo mengi na yote yalikuwa ya kweli, ikiwamo kwamba tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hapakuwa na sentensi hata moja ambayo yule kijana angeweza kuitekeleza kabla ya kufika Mbagala, ambako mteja alikuwa akimsubiri. Nilimpa karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni kwa adabu, akaondoka na kuku wake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za kampeni za mitaani za nchi nyingine nikiwa na swali la bodaboda kichwani. Nimegundua kwamba zile zilizofanikiwa zilikuwa na jibu lake kabla hazijatoka barabarani. Aliyenifundisha zaidi ni Henry Spira, ambaye aliwahi kuwa baharia kabla ya kuwa mwalimu wa shule mjini New York. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliamua kushughulikia jaribio liitwalo Draize, ambamo sungura walibanwa wasiweze kusogea, kisha wakatiwa kemikali machoni ili ionekane kama vipodozi na bidhaa nyingine zingemdhuru binadamu. Kampuni zilizotumia jaribio hilo zilikuwa nyingi. Yeye alichagua moja tu, Revlon. Tarehe 15 Aprili 1980 kundi lake lilichapisha tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times likiuliza Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo, na mwezi uliofuata watu wakakusanyika nje ya ofisi za kampuni hiyo, baadhi yao wakiwa wamevaa mavazi ya sungura yenye masikio marefu.

Ukiitazama picha ya tukio lile bila kujua kilichotangulia utadhani ni mchezo wa watoto. Masikio hayo, hata hivyo, yalibeba ombi dogo lenye mipaka. Spira hakuidai Revlon ifunge maabara siku hiyohiyo, jambo ambalo wakurugenzi wangelikataa na kurudi mezani kwao. Aliitaka itoe sehemu ndogo mno ya mapato yake ili watafiti watafute njia nyingine ya kupima bidhaa bila kuwatesa sungura. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ilikuwa imekubali kutoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kwa kazi hiyo. Mtu wa Revlon angemuuliza "unataka nifanye nini," Spira angemjibu kwa sentensi moja na kutaja kiasi.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa zamani zaidi, nao unanivutia kwa sababu nyingine kabisa. Huko Battersea, London, mwaka 1906, wapinzani wa upasuaji wa wanyama hai walisimamisha sanamu ya mbwa wa kahawia juu ya chemchemi ya maji ya kunywa, ikiwa na maandishi yaliyomtaja mbwa aliyefia katika maabara ya University College mwaka 1903 pamoja na mbwa wengine 232 waliopasuliwa hapo mwaka 1902. Wanafunzi wa udaktari walikasirika mno. Mwaka uliofuata waliandamana na kupigana na polisi pamoja na wakazi, na sanamu ikalazimika kuwekewa ulinzi usiku na mchana. Hatimaye, Machi 1910, halmashauri iliiondoa usiku, mafundi wanne wakifanya kazi hiyo chini ya ulinzi wa askari 120. Watu wengi husimulia ghasia. Mimi hubaki na ile chemchemi, kwa kuwa ilijengwa ili binadamu anywe juu na mnyama anywe chini, kwa hiyo hata mpita njia ambaye hakusoma maandishi aliondoka akiwa amepata kitu.

Kuhusu zile kampeni za kuvua nguo, ambazo PETA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, iliziendesha kupinga mavazi ya manyoya tangu miaka ya 1990 hadi ilipozifunga mwaka 2020, sina la kusema zaidi ya kwamba ningependa kumwona atakayeanza, saa sita mchana, pale Sanamu ya Askari, katikati ya jiji.

Hapa kwetu kuna masharti yanayopaswa kuheshimiwa kabla ya ubunifu wowote. Anayetaka kufanya mkusanyiko au maandamano hutoa taarifa polisi kwa maandishi saa 48 kabla. Tulipopeleka barua yetu, askari wa mapokezi aliisoma mara mbili, akatutazama, akauliza kama kuku nao wataandamana. Baada ya hapo inakuja hukumu ya watu wenyewe, na hiyo haina barua. Mtu wa Dar es Salaam atakusikiliza ukimchekesha, lakini akihisi unamsema kama mshamba asiyejua ubinadamu, amekwisha kukuacha. Siku ile ya tenga, aliyetuokoa alikuwa mzee mmoja muuza visu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akawageukia vijana waliokuwa wakizomea na kuwakumbusha habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Hakuinua sauti. Kuzomea kulikoma, nami nikaona kwamba nilichapa karatasi mia mbili kuwaeleza watu jambo ambalo wengi wao walifundishwa madrasa wakiwa na miaka saba.

Wiki mbili baadaye nilirudi Shekilango bila tenga wala kibao, nikawatafuta madereva wanaobeba kuku ili niwaulize mimi. Walinieleza hesabu yao kwa uvumilivu. Tenga linakula nafasi, linataka kamba za ziada, na mteja hamwongezei dereva hata shilingi mia kwa kulitumia. Kuku wakining'inizwa, safari moja inatosha. Mmoja aliongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba siku za jua kali kuku wawili au watatu hufika wamekufa, na hasara hiyo huwa ya dereva. Nilimuuliza nani anaweza kubadilisha hali hiyo. Akajibu upesi: "Mwenye chipsi. Yeye akisema hapokei kuku wa kuning'inizwa, kesho sote tuna matenga, na bei itajisogeza yenyewe."

Kwa hiyo mtu wetu wa ndani ya tenga tulikuwa tumemwonyesha mtu asiyehusika. Kama Spira alivyowaacha wauzaji wa dukani akaenda kwa wenye kampuni, nasi tunapaswa kuwaacha bodaboda na kwenda kwenye vibanda vya chipsi kuku, jioni, wateja wakiwa wamekaa, na ombi liwe moja: mwenye kibanda apokee tu kuku waliokuja ndani ya tenga. Safari hii hatutagawa karatasi. Tutavaa kanga, vazi ambalo tangu hapo limezoea kusema yale ambayo mdomo unayaonea haya, na ambalo jina lake ni lilelile la ndege mwenye madoa, jambo lililotufurahisha wote kwenye kikao. Tulibishana kwa saa nzima kuhusu usemi. Ulioshinda ni "Kuku ni wa kuliwa, si wa kuning'inizwa," ingawa wenzetu wawili wasiokula nyama waliukubali kwa shingo upande, na sikuwalaumu.

Kiwandani hawapokei oda ndogo kama yetu, hivyo tumepeleka vitambaa kumi kwa fundi cherehani atushonee maneno kwa mkono wake. Nilimwelekeza ayaweke mahali pake pa kawaida, chini ya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, karibu na pindo, lakini yote yakiwa kichwa chini, ili mwenye kibanda asiweze kuyasoma mpaka apinde shingo. Jana jioni amenipigia simu. "Dada," ameniuliza, "umekosea, au mimi ndiye sijaelewa?"